Jaji Maraga amerudi nyumbani. Sisi majaji wetu tunawajua?

Ndugu vijana, kaka na dada wa Bukavu na kokote muliko,

Mwezi huu mzee mmoja wa Kenya ametimiza miaka 70 na ametoka kazini. Anaitwa David Kenani Maraga. Alikuwa Jaji Mkuu wa inchi yake na kiongozi wa Mahakama ya Juu kule Nairobi. Hakufukuzwa, hakukimbia, hakufia kwenye kiti. Katiba ya Kenya inasema jaji akifikisha miaka 70 anaweka toga chini, naye ameiweka.

Najua wamoja wenu mutasema: hiyo inatuhusu nini sisi? Juzi nilikuwa pahali tunachajishaka simu, pale Kadutu, yaya mmoja wa motari aliniuliza hivyo hivyo: "Weye na lisanse yako! Maji hakuna, moto ya SNEL hakuna, na unatuletea habari ya zhizhi ya Kenya?" Watu walicheka, na mie nilicheka. Lakini swali lilibaki kichwani mpaka usiku. Maandishi haya njo jibu langu kwake.

Tuanze na mtu mwenyewe.

Maraga alizaliwa tarehe 12 mwezi wa 1, 1951, katika kijiji cha Bosose, upande wa Nyamira, magharibi ya Kenya. Si mtoto wa waziri. Alisoma sheria kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi, akamaliza 1977, akawa avoka 1978. Miaka karibu 25 alitumika kama avoka huko Nakuru, muji wa katikati, mbali na wakubwa wa Nairobi. Mwaka 2003 akawekwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 2012 akapanda Mahakama ya Rufaa, akatumika Kisumu. Mwaka 2016, wakati Jaji Mkuu Willy Mutunga alipotoka, Maraga akaomba nafasi ile.

Angalieni vizuri neno hilo: akaomba. Kule Kenya, kisha Katiba yao ya 2010, mtu anayetaka kuwa Jaji Mkuu anaandika barua ya kuomba kazi kama vile sisi tunaandikaka kwa ma-ONG. Halafu anaitwa mbele ya Tume ya Huduma ya Mahakama. Wanamuuliza maswali mchana kweupe, televisheni inaonyesha, mama muuza ndizi anaweza kukaa anaangalia. Wanamuuliza juu ya mali yake, juu ya hukumu alizotoa, juu ya dini yake. Maraga ni Muadventista. Walipomuuliza kama atakubali kukaa mahakamani siku ya Sabato, alisema itakuwa vigumu sana kwake, ni afadhali aongee na wenzake wamwachilie siku hiyo. Mtu anaomba kazi kubwa kuliko zote za sheria, na anawaambia waziwazi kitu ambacho hatakifanya. Walimchukua. Bunge likakubali, rais Uhuru Kenyatta akamweka, na mwezi wa 10, 2016 akaapa.

Kisha miezi kumi tu, mtihani ukafika.

Tarehe 8 mwezi wa 8, 2017, Wakenya walipiga kura. Tarehe 11, tume ya uchaguzi ikatangaza Uhuru Kenyatta, rais aliye kwenye kiti, ameshinda na asilimia 54. Raila Odinga akasema kura zimeibwa. Mbele ya uchaguzi, Chris Msando, mkubwa wa mambo ya kompyuta katika tume ile, alikuwa ameokotwa ameuawa. Kisha matokeo kutangazwa, polisi walipiga watu risasi huko Kisumu na katika mitaa ya maskini ya Nairobi. Inchi ilikuwa inatetemeka. Tarehe 18 Raila akapeleka mashtaka kwenye Mahakama ya Juu. Katiba yao inawapa majaji siku 14 tu.

Ndani ya siku zile 14, mahakama ilifanya kitu kimoja ambacho watu wengi wanasahau. Iliamuru tume ya uchaguzi ifungue seva zake, ionyeshe namna matokeo yalisafiri toka biro za kura mpaka Nairobi. Tume haikutii vilivyo. Pia mahakama iliangalia fomu za matokeo, na fomu zingine hazikuwa na alama za usalama zilizopaswa kuwa nazo.

Tarehe 1 mwezi wa 9, 2017, Maraga alisoma uamuzi. Majaji saba wa mahakama ile, mmoja alikuwa mgonjwa. Kati ya sita, wanne walisema: uchaguzi wa rais haukufuata Katiba na sheria, umefutwa, mupige kura tena ndani ya siku 60. Wawili walikataa. Ilikuwa mara ya kwanza katika Afrika mahakama kufuta ushindi wa rais aliye bado kwenye kiti.

Hapa Bukavu mie nilikuwa bado mwanafunzi. Nakumbuka auditoire yetu, watu walizunguka simu moja yenye mega, mwenzetu mmoja anatafsiri Kiingereza pole pole. Hakuna aliyeamini. Mmoja alisema: "Huyo zhizhi asubuhi hataamka." Hatukusema hivyo kwa ubaya. Njo vile tulikuwa tumezoea.

Na ni kweli alilipa. Siku ile ile Kenyatta alisema ataheshimu uamuzi, lakini alipofika mbele ya watu wake aliwaita majaji wale wakora, akawaambia wangojee. Tarehe 19 mwezi huo huo Maraga akatoka mbele ya waandishi wa habari, akasema majaji wanatishwa, polisi hawawalindi inavyofaa, na kama viongozi wamechoka kuwa na mahakama yenye nguvu, basi waite wananchi wapige kura kuiondoa. Akasema yuko tayari kulipa mpaka mwisho juu ya kulinda Katiba. Tarehe 24 mwezi wa 10, siku mbili mbele ya uchaguzi wa pili, dereva wa naibu wake, Philomena Mwilu, alipigwa risasi na watu wasiojulikana. Kesho yake mahakama ilipaswa kusikiliza maombi ya kusogeza uchaguzi. Walitakiwa angalau majaji watano. Wakafika wawili: Maraga na Isaac Lenaola. Maraga akasimama, akaeleza kwamba wenzake hawakufika, hawawezi kusikiliza. Kiti kitupu nacho kinasema kitu.

Sitaki kuwadanganya, vijana wenzangu. Hadithi hii haikuishia vizuri kama filamu. Raila alijitoa, akisema tume ni ile ile. Uchaguzi wa pili ukafanyika tarehe 26, watu wengi walibaki nyumbani, Kenyatta akapata asilimia 98. Mashtaka yakarudi mahakamani, na mwezi wa 11 Maraga na wenzake, wote kwa sauti moja, wakauthibitisha. Watu wengine walikufa katikati. Na wale majaji wawili waliokataa mara ya kwanza hawakuwa lazima watu wabaya. Walisema kura za mamilioni ya watu hazifutwi juu ya makosa ya makaratasi. Hiyo ni hoja, mtu anaweza kuijibu kwa hoja. Pia mwaka 2013, mahakama hiyo hiyo, chini ya Mutunga ambaye tunamuheshimu, ilikataa mashtaka ya Raila. Kwa hiyo Mahakama ya Juu ya Kenya si malaika.

Lakini Maraga hakubadilika kisha 2017. Rais alikataa kuweka majaji 41 ambao Tume ilikuwa imewachagua. Maraga alisema hadharani kwamba rais anavunja amri za mahakama. Serikali ikakata bajeti ya mahakama. Akasema hadharani vilevile. Mwezi wa 9 mwaka uliopita akamwandikia rais kwamba Bunge livunjwe, sababu miaka na miaka limekataa kupitisha sheria ya kutekeleza kanuni ya Katiba kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti. Bunge halikuvunjwa, mambo yakaenda mahakamani. Wamoja walisema amepita mpaka. Lakini hakuna aliyeweza kusema hakijulikani anachosimamia.

Sasa tuje nyumbani.

Mwaka 2006, wakati Jean-Pierre Bemba aliposhtaki matokeo, Mahakama Kuu yetu ya Kinshasa iliwaka moto kweli, risasi zikalia, majaji wakakimbia. Kisha siku chache wakathibitisha Joseph Kabila. Mwaka 2011, karibu na kampeni, rais aliongeza majaji wapya wengi katika mahakama ile ile ambayo ingemhukumu, na mwezi wa 12 mahakama ikamthibitisha. Kisha ikaja Mahakama ya Katiba. Mwezi wa 5, 2016, ilisema kwamba kama uchaguzi haufanyiki, rais anabaki kwenye kiti mpaka mwingine achaguliwe. Wale waliokuwa barabarani wakati ule wanajua uamuzi huo ulitupeleka wapi: uchaguzi uliongojewa 2016 ukafanyika tarehe 30 mwezi wa 12, 2018.

Na tarehe 10 mwezi wa 1, 2019, CENI ikatangaza Félix Tshisekedi mshindi na asilimia 38, Martin Fayulu 34. Maaskofu wa CENCO, waliokuwa na watazamaji karibu 40,000, walisema matokeo yale hayaendani na yale waliyokusanya. Fayulu akaomba kitu kimoja rahisi: hesabuni kura tena. Kura zilikuwa ndani ya masanduku, fishi zilikuwa ndani ya bahasha. Tarehe 20, siku kumi tu kisha CENI kutangaza, Mahakama ya Katiba ikasema maombi hayana msingi.

Mimi sisemi hapa nani alishinda. Nasema kitu kidogo zaidi, na kwangu kinauma zaidi: Nairobi majaji walisema "mufungue tuone." Kinshasa majaji walisema "hakuna lazima ya kuona." Mpaka leo CENI haijachapisha matokeo biro kwa biro. Kijana wa Panzi aliyesimama tangu asubuhi, akabonyeza mashine ya kupigia kura, hajui biro yake ilihesabiwa namna gani.

Mwaka uliopita tena. Mwezi wa 7 rais wa Mahakama ya Katiba, Benoît Lwamba, akajiuzulu. Majaji wawili, Noël Kilomba na Jean Ubulu, wakaambiwa wamepandishwa kwenda mahakama ingine. Wakakataa, wakisema muda wao wa miaka tisa haujaisha. Tarehe 21 mwezi wa 10, majaji watatu wapya wakaapa mbele ya rais Tshisekedi kwenye Palais du Peuple, wakubwa wa mabunge yote mawili hawakufika. Upande mmoja ulisema Katiba imevunjwa, upande mwingine ulisema Katiba imelindwa. Na sisi? Sisi tulikuwa tunauliza huyo ni wa FCC ao wa CACH. Hakuna aliyeuliza: huyu mtu amehukumu nini katika maisha yake? Ameandika nini? Alikataa nini?

Yaya wangu wa motari, jibu langu linaanzia hapa.

Tunapenda kusema Kenya walibahatika, Mungu aliwapa Maraga, na sisi Mungu alitunyima. Mimi nakataa. Maraga alikuwa mtu mnyoofu, sawa. Lakini watu wanyoofu tunao, kila Jumapili na kila Sabato tunawaona kanisani. Kule Kenya mtu mnyoofu alikuta njia imetengenezwa. Alichaguliwa mbele ya macho ya watu, kwa hiyo hakuna mtu mmoja aliyeweza kumwambia "nilikupa kazi, sasa nilipe." Alijua atatoka lini, siku yake ya kuzaliwa ilikuwa imeandikwa, rais hakuweza kumhamisha kwa ordonansi ya usiku. Kumwondoa mbele ya wakati kulihitaji Tume na baraza maalumu la kumsikiliza. Na aliposema amri yake haikutiiwa, kulikuwa na watu inchi nzima waliojua jina lake na sura yake.

Sisi Katiba yetu ya 2006 si mbaya. Kipengele cha 149 kinasema mahakama ni huru. Kipengele cha 158 kinasema majaji wa Mahakama ya Katiba ni tisa: watatu wanatoka kwa rais, watatu kwa Bunge na Seneti wakikaa pamoja, watatu kwa Baraza Kuu la Mahakimu. Miaka tisa, bila kurudiwa. Kwa karatasi ni vizuri. Lakini jina linatoka wapi? Linatoka ndani ya chumba. Sisi tunalisikia kwenye RTNC usiku, likisomwa pamoja na majina mengine, na asubuhi tunaanza kuuliza ni mtu wa jimbo gani.

Sasa, kuna mtu atasema: hata wakihojiwa kwenye televisheni, Mkongomani ni Mkongomani, ataogopa tu. Huyo namujibu na jambo la hapa hapa, si la Kenya.

Kavumu hamuijui? Pale karibu na uwanja wa ndege. Kati ya 2013 na 2016 watoto wanawake karibu 40, wengine bado wachanga, walichukuliwa usiku nyumbani kwao wakabakwa. Kila mtu alimjua mkubwa wa kundi lile. Alikuwa depite wa jimbo, Frédéric Batumike. Alikuwa na kinga, alikuwa na watu wenye silaha. Mama za watoto waliambiwa wanyamaze. Lakini mwezi wa 11, 2017, Mahakama ya Kijeshi ya Kivu ya Kusini ilihamia kule kule Kavumu, ikakaa mbele ya wananchi wenyewe. Watu walitoa ushahidi wamefunikwa wasijulikane. Tarehe 13 mwezi wa 12, 2017, Batumike na wenzake kumi walipewa kifungo cha maisha, juu ya uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mwaka 2018 hukumu ikathibitishwa kwenye rufaa.

Angalieni tarehe. Ni mwaka ule ule wa Maraga. Miezi mitatu tu kisha Nairobi, majaji Wakongomani, na mshahara wa Wakongomani, katika jimbo letu, walimhukumu mtu mwenye nguvu. Sababu gani waliweza? Waganga wa Panzi walikuwa wameandika kila kitu. Avoka walikaa na familia miaka. Waandishi wa habari hawakuachilia. Mama za Kavumu walikataa kunyamaza. Jaji alipoinua kichwa, alikuta watu wanamwangalia. Mtu anayeangaliwa anasimama wima kirahisi zaidi.

Hapa lazima niseme na langu, ndio nisije nikahubiri tu.

Mama yangu ana kesi ya parsele, miaka minne sasa, katika tribinali moja ya hapa mujini. Parsele ndogo, tuliacha kuihesabu meta, sababu kila mwaka inakatwa. Kila tukifika, wanatuambia kesi imesogezwa. Siku moja mtu wa ofisi alituambia karatasi imeisha, tulete. Tukaleta. Siku ingine akasema faili "inalala", inafaa kuamshwa. Mama alinitazama. Mimi, mwenye lisanse ya sheria, niliyeandika kazi yangu ya mwisho juu ya uhuru wa mahakama, nilitoka nikakopa, nikarudi na bahasha. Matabishi. Nilimpa kwa mikono miwili, na heshima. Faili iliamka wiki mbili, halafu ikalala tena. Nafikiri mwenzetu wa upande mwingine alileta bahasha nene kuliko yetu.

Usiku ule mama aliniuliza: "Sasa mwanangu, kama weye uliyesoma unalipa, nani hatalipa?" Sikumjibu. Leo ndiyo namjibu.

Mahakama ya Katiba ya Kinshasa na tribinali ya karibu na soko ni nyumba moja. Jaji anayekua katika ofisi yenye bahasha, siku akifika juu kabisa atauliza bahasha iko wapi, tofauti itakuwa ukubwa wake. Na sisi tunaolipa bahasha ndogo, siku ile kubwa tutalalamika na mdomo gani?

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matano, na sipendekezi mambo ya mbinguni.

La kwanza: tujue majina. Majaji tisa tu. Kijana wa Bukavu anajua wachezaji 11 wa Barcelona na wale wa akiba. Kila mmoja atafute majina tisa haya, ayaweke kwenye simu, ajue kila mmoja alitoka wapi, aliwekwa na nani, muda wake unaisha lini.

La pili: majaji watatu wanaotoka kwa Bunge wahojiwe hadharani. Hiyo haihitaji kubadilisha Katiba. Inahitaji tu depite na seneta wakubali. Wale wa Kivu ya Kusini wanakuja hapa wakati wa likizo, wanakunywa pamoja nasi, wanatupa tishati. Tuwaulize swali hilo moja, na tuandike jibu la kila mmoja kwa jina lake.

La tatu: mbele ya 2023, tuombe sheria iseme wazi kwamba matokeo yachapishwe biro kwa biro, na kwamba mahakama ikiombwa kuhesabu kura tena isikatae bila kufungua hata sanduku moja. Tuanze sasa. Mwezi wa 12, 2023 tutakuwa tumechelewa.

La ine: tukae mahakamani. Kipengele cha 20 cha Katiba kinasema mahakama inakaa hadharani, isipokuwa pale usalama wa watu wote ao maadili vinapotaka mlango ufungwe. Hii ni haki ambayo hatuitumiki kabisa. Sisi tusio na kazi tuko wengi, na wakati tunao, tunaukula kwenye mitandao. Watu watano watano, kila wiki, na daftari, kwenye tribinali ya komini yake. Bila kelele, bila kutukana mtu, bila kuingilia. Kukaa tu, kuandika: kesi ngapi ziliitwa, ngapi zilisogezwa, sababu gani walitoa.

La tano, na njo ngumu kuliko zote: tusilipe. Najua tutapoteza. Mama yangu anaweza kupoteza parsele yake, na nimemwambia. Alinyamaza kidogo, akasema: "Basi usiende peke yako siku hiyo." Siwezi kusema amekubali. Lakini hakukataa.

Kumbe na majaji nao lazima tuwatetee. Jaji wa hapa anayelipwa vibaya, anayekaa katika nyumba ya kukodi, anayejua kwamba akihukumu mkubwa atahamishwa kesho kule mbali, hatusaidii tukimtukana tu. Siku moja jaji mmoja wa Bukavu atamhukumu mtu mwenye nguvu, na atatishwa kama Maraga alivyotishwa. Siku hiyo tusikae tukisema "huyo asubuhi hataamka." Tuwe mbele ya mlango wa tribinali, na tujue jina lake.

Maraga amerudi kwao. Alisimama mara chache, wakati uliofaa, na alikuwa ameajiriwa kwa njia iliyomwezesha kusimama. Alivyofanya vinatosha kutuonyesha kwamba jaji wa Afrika anaweza kumwambia rais hapana na usiku akalala kwake. Hatuhitaji kuomba Mungu atushushie Maraga wa Kongo. Pengine yuko tayari, ana miaka 35, anahukumu kesi za kuku na mipaka ya parsele huko Walungu ao Kabare, na kila siku mtu anamletea bahasha. Swali ni nani atakuwa amekaa kwenye benchi, na daftari, siku atakapoikataa.

Jumatatu ijayo kesi ya mama imepangwa tena, saa tatu asubuhi. Mimi nitakuwa pale bila bahasha. Yaya wa motari amesema atanipeleka bure, lakini hataingia ndani.

Nimemwambia aingie.

Mwananchi mmoja, Kadutu
Bukavu, mwezi wa 1, 2021